Fao la kukosa ajira limekwama: jua kwanza limekwama wapi

Ukimuuliza afisa wa mafao "nitalipwa lini?", jibu utakalopata ni moja: subiri, linashughulikiwa. Muulize hivi badala yake: faili langu liko hatua gani, linasubiri nini, na kinachosubiriwa kinatoka kwa nani? Hapo utapata jibu la kufanyia kazi.

Madai mengi ya fao hili hayakwamishwi na foleni. Yanakwama kwa sababu karatasi mbili zinasema mambo mawili tofauti kuhusu mtu yule yule. Barua yako inasema uliachishwa Machi, rekodi za mfuko zinaonyesha bado uko kazini. Kitambulisho kinasema Khadija, kadi ya uanachama inasema Hadija. Afisa hana mamlaka ya kuchagua aamini ipi, kwa hiyo anaweka faili pembeni mpaka mtu alete kitu cha kuondoa utata, na mara nyingi mtu huyo ni wewe, ila hakuna aliyekwambia.

Maelezo haya ni ya Tanzania Bara, kwa wanachama wa mifuko miwili ya hifadhi ya jamii: NSSF (sekta binafsi na waliojiajiri) na PSSSF (watumishi wa umma). Zanzibar ina mfuko wake, ZSSF, na sheria zake.

Hakikisha kwanza unadai kitu kilichopo

Kuna watu wanaofuatilia kwa miezi kitu ambacho sheria ya sasa haikitoi. Wanakwenda dirishani wakitaka "kutoa michango yangu yote", wanapewa fomu ya fao la kukosa ajira, halafu pesa ikiingia wanadhani wamepunjwa. Lile fao la kujitoa walilolizoea wazee wetu, unaacha kazi leo na kuchukua kila kilichochangwa, liliondolewa. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, yaleyale yaliyounganisha PPF, PSPF, LAPF na GEPF kuwa PSSSF na kuiachia NSSF sekta binafsi na waliojiajiri, ndiyo yaliyoleta fao la kukosa ajira, ambalo dirishani utasikia pia likiitwa fao la upotevu wa ajira.

Masharti yake ya msingi ni haya: uwe raia wa Tanzania, uwe hujafikisha miaka 55, uwe umechangia angalau miezi 18, ajira yako iwe imekoma bila wewe mwenyewe kujiuzulu, na uwe hujapata kazi nyingine. Ukikidhi, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kila mwezi kwa miezi sita. Aliyekuwa analipwa shilingi 600,000 atapata kama 199,800 kwa mwezi, jumla isiyofika milioni 1.2 kwa miezi yote sita. Michango iliyobaki haipotei, inabaki kwenye akaunti yako ya uanachama ikisubiri ajira nyingine au uzee.

Kama hujafikisha miezi 18, njia ni nyingine: mkupuo, yaani malipo ya mara moja, wa asilimia 50 ya michango yako. Na kama umeshafikisha miaka 55, hilo ni suala la pensheni, si la fao hili. Kustaafu kwa hiari kunaanza miaka 55, kwa lazima ni miaka 60, na sharti la pensheni ya kila mwezi ni michango ya miezi 180. Mtu wa miaka 56 aliyejaziwa fomu ya kukosa ajira atazungushwa bure. Arudi aombe fomu sahihi.

Waliokuwa kwenye ajira za msimu au kazi za mradi waulize kabla ya kujaza chochote wanaingia kundi lipi. Usikubali kujibiwa na mlinzi wa getini wala na jirani aliyelipwa mwaka juzi.

Dalili: "Hujafikisha miezi 18", na wewe unajua umefanya kazi miaka miwili

Miezi inayohesabiwa ni ile iliyochangiwa na kuingizwa kwenye rekodi yako. Miezi uliyotoa jasho bila mchango kufika haionekani. Ndiyo maana taarifa ya michango ni karatasi ya kwanza kuitafuta, kabla hata ya fomu ya madai. Unaipata ofisi ya mfuko au kupitia huduma zao za mtandaoni. PSSSF wana programu ya simu inayoitwa PSSSF Kiganjani.

Isome mwezi kwa mwezi, siyo jumla ya chini tu. Weka kando salari slipu zako na ulinganishe. Utakachokiona mara nyingi kitaangukia katika mambo matatu.

La kwanza, na ndilo baya zaidi, mwajiri alikata na hakupeleka. Salari slipu ya Juni ina makato ya NSSF, taarifa ya michango Juni ni tupu. Kwa NSSF jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. PSSSF nao ni asilimia 20, wewe 5 na mwajiri 15. Mwajiri wa sekta binafsi anatakiwa kuwa amewasilisha ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha. Asipofanya hivyo anadaiwa na mfuko, kwa adhabu juu yake, na mfuko una uwezo wa kumpeleka mahakamani. Kwa hiyo huendi pale kuomba msaada, unaenda kutoa taarifa ya deni lao. Omba kuonana na afisa matekelezo, yule anayeshughulika na waajiri, siyo wa mafao. Mpe nakala za salari slipu za miezi inayokosekana, barua ya ajira, na orodha fupi ya miezi yenyewe iliyoandikwa vizuri. Andika barua, weka nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo yanaishia mdomoni.

Kama huna salari slipu, na wengi hawana kwa sababu walilipwa mkononi au kupitia simu, tumia taarifa ya benki au ya akaunti yako ya simu inayoonyesha mshahara ukiingia kila mwezi kutoka kwa mwajiri. Daftari la mahudhurio, kitambulisho cha kazi, hata barua ya likizo, vyote vinasaidia kuonyesha ulikuwepo. Havithibitishi kiasi cha mshahara, ila vinampa afisa pa kuanzia anapokwenda kukagua vitabu vya mwajiri.

La pili, mwajiri alipeleka pesa lakini orodha ya majina ilikuwa na makosa. Fedha imefika, imekaa, haijulikani ni ya nani. Hapa wewe huna kosa na mwajiri hana deni, kinachotakiwa ni mwajiri kurekebisha orodha ya mwezi ule na kuweka namba yako sahihi ya uanachama. Mwombe mhasibu, siyo bosi. Mhasibu ndiye anayeijua ile namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotumika, na kwa namba hiyo mfuko unaweza kuyatafuta malipo hayo kwenye rekodi zake.

La tatu, una namba mbili za uanachama. Hutokea sana kwa mtu aliyebadilisha waajiri: mwajiri wa pili hakuuliza, akakusajili upya. Miezi 11 iko namba hii, miezi 13 iko namba ile, na afisa akifungua moja anaona hujafika. Omba ziunganishwe kuwa namba moja. Peleka kadi zote mbili kama zipo, na kitambulisho cha taifa. Kama ulianza kazi kabla ya 2018 ukiwa PPF au mfuko mwingine kati ya ile iliyounganishwa, kumbuka rekodi za zamani huenda ziko PSSSF hata kama miaka ya mwisho ulichangia NSSF. Mifuko hii miwili ina utaratibu wa kujumuisha vipindi vya uchangiaji, lakini hautaanza wenyewe. Lazima useme kwamba una kipindi kingine kwingine.

Dalili: "Barua yako inaonyesha ulijiuzulu"

Hapa ndipo watu wengi wanapoipoteza haki, na kwa bahati mbaya wanaipoteza wiki ile ile ya kuondoka kazini, kabla hata ya kufikiria mfuko.

Inakuwa hivi. Kampuni inapunguza watu. Badala ya kufuata hatua za kupunguza wafanyakazi ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inazitaka, yaani kutoa taarifa, kueleza sababu, kushauriana, mnaitwa mmoja mmoja ofisini. Mnaambiwa: andika barua ya kuacha kazi, tutakulipa mwezi mmoja juu, jina lako litabaki safi. Unaandika. Mwezi mmoja unalipwa. Halafu unafika dirishani, afisa anasoma "naomba kuacha kazi kwa hiari yangu", na mazungumzo yanaishia hapo. Afisa hajakosea. Sharti linasema usiwe umejiuzulu, na maneno hayo umeyaandika kwa mkono wako.

Kama bado hujasaini, usisaini. Mwambie mwajiri akuandikie yeye. Barua ya kusitishwa ajira inatakiwa iwe na sababu (kupunguzwa, mkataba kuisha, utendaji, nidhamu), tarehe ya mwisho ya kazi, na muhuri. Hata yale makubaliano ya kusitisha ajira yanayoitwa ya pande mbili yasome mara mbili: yanasema nani ameanzisha? Sentensi moja kwamba kampuni imelazimika kupunguza wafanyakazi ina thamani kuliko mwezi mmoja wa nyongeza. Zaidi ya hayo, kupunguzwa kazi kuna stahiki zake ambazo anayejiuzulu hazipati kirahisi, ikiwemo kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, kwa aliyefanya kazi mfululizo angalau mwaka.

Kama umeshasaini, muda ni adui yako. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Sheria inamtambua mtu aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri aliyafanya mazingira yasivumilike, na kwa macho ya sheria huyo ameachishwa, hakuacha. Lakini hilo unalithibitisha CMA kwa ushahidi: jumbe za simu, barua pepe, shahidi aliyekuwepo, majina ya wenzako walioandika barua zinazofanana siku ile ile. Barua kumi za "hiari" zenye maneno yale yale na tarehe moja ni ushahidi mzuri kuliko hotuba yoyote. Ukichelewa zaidi ya siku 30 unaweza kuomba kuongezewa muda, ila utatakiwa kueleza kwa nini ulichelewa, na "sikujua" peke yake mara nyingi haitoshi.

Mkimalizana CMA kwa usuluhishi, jambo ambalo hutokea mara nyingi, usikimbilie kiasi cha pesa peke yake. Hakikisha hati ya makubaliano inataja sababu ya ajira kukoma na tarehe yake. Karatasi hiyo ndiyo utakayoipeleka mfuko. Makubaliano yanayosema tu kwamba "pande zimemaliza tofauti zao" hayamsaidii afisa wa mafao hata chembe.

Kuna kundi jingine linalochanganywa hapa bila sababu: wenye mkataba wa muda maalumu. Mkataba ukiisha na mwajiri asiuhuishe, hujajiuzulu. Lakini kama mwajiri hakuandika chochote, ukaondoka tu siku ya mwisho, mfuko hauna cha kusoma zaidi ya mkataba wenyewe. Omba barua fupi isemayo mkataba umefikia mwisho na haukuongezwa. Mwajiri pia anatakiwa kisheria kukupa hati ya utumishi ajira inapokoma, yenye tarehe za kuanza na kumaliza. Idai, hata kama mliachana vibaya.

Dalili: mfumo unaonyesha bado uko kazini

Barua unayo, miezi imetimia, faili halisogei. Sababu ya kawaida ni kwamba mwajiri hajakutoa kwenye orodha yake. Kila mwezi analipia michango kwa orodha, na mhasibu mvivu hunakili ya mwezi uliopita. Wakati mwingine anakuchangia kweli kwa miezi miwili baada ya kuondoka, kwa sababu malipo yako ya likizo na ya notisi yalipitia kwenye mishahara. Kwako ni baraka ndogo, kwa mfumo ni mtu anayedai amekosa ajira huku mchango wake unaingia.

Omba mwajiri aandike kwa mfuko kwamba ajira yako ilikoma tarehe fulani na kwamba malipo ya baada ya hapo yalikuwa ya stahiki za mwisho. Tarehe hiyo ifanane na ya barua yako ya kuachishwa. Ifanane kabisa. Barua ikisema 31 Machi na mwajiri akaandika 15 Aprili, umeanza upya.

Mwajiri akikataa kuandika, au simu hapokei, afisa matekelezo anaweza kumfuata. Na kama ofisi imefungwa, mlango una kufuli na bosi hayupo, ulizia BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, hali ya kampuni na wakurugenzi walioandikishwa. Kama imewekwa chini ya mfilisi, yaani msimamizi wa kampuni inayofungwa, huyo ndiye mwajiri wako kwa ajili ya karatasi hizi, mwandikie yeye. RITA, ambayo wengi tunaijua kwa vyeti vya kuzaliwa tu, ndiyo pia yenye kazi ya ufilisi wa serikali.

Dalili: majina hayafanani

Mohamed, Mohammed, Muhamadi. Kwa mama yako ni mtoto mmoja, kwa kompyuta ni watu watatu. Siku hizi kila kitu kinapimwa kwa kitambulisho cha taifa kinachotolewa na NIDA, kwa hiyo kanuni rahisi ni kwamba kila karatasi nyingine isogezwe kuifuata NIDA, siyo kinyume chake, isipokuwa kama NIDA wenyewe ndio waliokosea.

Tofauti ya herufi au jina la katikati lililofupishwa hutatuliwa kwa hati ya kiapo inayosema kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja, iliyoapwa mbele ya wakili au hakimu. Kubadili jina hasa, kwa mfano mwanamke aliyechukua jina la mume baada ya kuandikishwa, au aliyebadili dini, kunahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na cheti cha ndoa peke yake huenda kikakataliwa. Uliza kabla ya kulipia wakili, maana watu hulipia kiapo mara mbili kwa sababu cha kwanza kilisahau jina mojawapo. Orodhesha kila namna jina lako lilivyoandikwa popote: kadi ya mfuko, barua ya ajira, benki, NIDA, cheti cha kuzaliwa.

Tarehe ya kuzaliwa ni zito zaidi, kwa sababu umri unaamua fao. Tofauti ya mwaka mmoja kwa mtu wa miaka 30 inaweza kupita kwa kiapo. Kwa mtu anayekaribia 55, tegemea kuombwa cheti cha kuzaliwa na maswali mengi. Ukiona NIDA ndiyo yenye kosa, anza marekebisho huko siku hiyo hiyo, maana hayaishi kwa wiki.

Akaunti ya benki nayo iwe kwa jina lile lile. Akaunti ya mume, ya dada au ya kikundi haifai.

Dalili: umeidhinishwa, pesa haijaingia

Kwanza ujue kuidhinishwa na kulipwa ni hatua mbili. Ukishaambiwa malipo yametoka, uliza tarehe na akaunti iliyotumika, tarakimu nne za mwisho tu zinatosha. Mara nyingi utagundua tarakimu moja imekosewa, au akaunti imelala kwa kukosa miamala tangu mshahara ulipokoma. Benki hurudisha pesa hiyo kwa mfuko, na hairudi kwako mpaka upeleke taarifa mpya. Nenda benki kwanza, iamshe akaunti, omba taarifa fupi yenye jina na namba, ndipo urudi mfuko.

Kama ulilipwa miezi miwili kisha kimya, sababu ya haraka ya kufikiria ni kwamba kuna mwajiri mpya aliyeanza kukuchangia. Ukipata kazi fao linakoma, hilo liko wazi, na ni wajibu wako kuujulisha mfuko kabla haujagundua wenyewe. Pesa iliyolipwa zaidi itadaiwa. Lakini pia kuna anayechangiwa kimakosa na kampuni ambayo hakuifanyia kazi, kwa sababu ya namba kuandikwa vibaya. Taarifa ya michango itakuonyesha jina la mwajiri huyo.

Dalili: kiasi ni kidogo kuliko ulivyotarajia

Hesabu asilimia 33.3 ya mshahara ulioandikwa kwenye rekodi za mfuko, siyo ule ulioupokea mkononi. Kuna waajiri wanaogawa malipo sehemu mbili: 350,000 inaitwa mshahara, 250,000 inaitwa posho, na mchango unapelekwa kwa ile 350,000 tu. Wakati wa kazi hakuna anayelalamika, makato yanakuwa madogo. Kazi ikiisha, fao linakuwa 116,550 badala ya 199,800. Tofauti hiyo ukizidisha kwa sita ni karibu laki tano.

Kwa NSSF kuna pa kubishania kama mkataba wako unataja mshahara mkubwa kuliko ule uliotangazwa. Hapo rudi kwa afisa matekelezo na mkataba, siyo na hasira. Kwa PSSSF mchango hutokana na mshahara wa msingi, kwa hiyo posho hazikuhesabiwa tangu mwanzo na hakuna cha kudai.

Dalili: unazungushwa, kila siku karatasi mpya

Leo picha, kesho barua, keshokutwa "mtandao uko chini". Sehemu ya hili ni uzembe, sitaficha. Lakini sehemu ni kwamba kila ukifika unakutana na mtu mwingine ambaye anaanza kusoma faili upya. Siku ya kwanza omba orodha kamili ya vinavyohitajika kwa maandishi, au iandike wewe mbele yake na umwonyeshe. Andika tarehe, jina la ofisa na alichosema. Kila karatasi unayoacha, baki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Usiache karatasi halisi pasipo sababu ya lazima, waonyeshe, wapige nakala, urudi nayo.

Ikipita muda waliokupa bila jibu, mwandikie meneja wa ofisi ile barua ya ukurasa mmoja: namba ya uanachama, tarehe ya kuwasilisha madai, ulichoombwa na tarehe uliyokileta, na swali moja tu mwishoni. Barua ndefu yenye historia ya maisha yako haisomwi. Isipojibiwa, nakala iende makao makuu ya mfuko, na baada ya hapo wizara inayosimamia masuala ya kazi. SSRA, iliyokuwa mdhibiti wa mifuko, haipo tena, kwa hiyo anayekuelekeza huko anatumia ramani ya zamani.

Na vishoka. Wako nje ya kila ofisi ya umma, na sasa wako kwenye simu pia. Anakupigia, anajua jina lako na mfuko wako, anasema faili limekamilika, linahitaji "ada ya mfumo" ili lisukumwe. Kuomba fao hili hakuna ada ya kutuma kwa namba ya simu ya mtu. Usimpe namba ya siri wala tarakimu zinazotumwa kwenye ujumbe. Kata simu, nenda ofisini.

Miezi sita imeisha na kazi hakuna

Malipo yatakoma, na hilo si hitilafu. Usiwasilishe madai upya kwa ajira ile ile, yatarudishwa. Sheria imeweka alama nyingine mbele: ikipita miezi 18 tangu ajira ilipokoma na bado hujapata kazi, unaweza kuomba michango yako ihamishwe kutoka mfumo wa lazima kwenda mfumo wa hiari. Kwa hiyo itunze ile barua ya kuachishwa kazi, maana miezi hiyo 18 itahesabiwa kuanzia tarehe ya ajira kukoma inayotajwa humo. Ukipata kazi kabla ya hapo, mpe mwajiri mpya namba yako ile ile ya uanachama siku ya kwanza, kabla hajakuandikisha nyingine.